Sinema na Macho ya Mtazamaji: Maoni Kutoka Kipatimu

Mimi si mtaalamu wa sinema. Masomo yangu yaliishia sekondari, kazi yangu ya kila siku imekuwa ya ofisi za Serikali, na sanaa niliyoifuata kwa mapenzi ni ushairi. Lakini nimetazama picha nyingi, kwenye kitambaa, kwenye jumba na kwenye banda, na kila nirudipo nyumbani Kipatimu vijana huniuliza: "Mzee, wewe uliyekaa mijini, tutazame picha gani?" Swali hilo laonekana dogo. Kwangu limekuwa zito, kwa sababu jibu nililokuwa nikilitoa kwa miaka mingi sasa silitaki tena, na kwa jibu lile niliwahi kuwatendea watu wa kijiji changu jambo ambalo nitalieleza mbele.

Jibu langu lilikuwa hili: tazameni picha yenye mafunzo. Ndilo jibu la kila ofisa wa utamaduni, nami nilikuwa mmoja wao. Tuliipima picha kama dawa, kwa kile kitakachobaki mwilini baada ya utamu kwisha mdomoni. Picha ya Kihindi tuliiita upuuzi wa nyimbo, picha ya ngumi ya Hong Kong tuliiita upotovu, na picha iliyohimiza kilimo, usafi na kisomo ndiyo iliyokuwa picha. Kwamba watu walizitoroka picha zetu na kuzikimbilia zile nyingine, jambo hilo tulilihesabu kuwa kosa lao.

Kipatimu iko katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Anayesafiri kwa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi huiacha barabara hiyo pale Tingi na kuelekea bara, akipanda kwa njia ambayo wakati wa masika humfundisha mtu subira. Kwa sababu hiyo gari la sinema la Serikali lilikuja kwetu kwa nadra, na siku lililokuja ilikuwa kama sikukuu. Nakumbuka mara moja, yapata mwaka 1979, nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya miembe miwili, jenereta ikaanza kunguruma, na bwana mmoja akashika kipaza sauti akatueleza mambo tutakayoyaona kabla hatujayaona. Mbele ya kitambaa palikuwa pamejaa wakubwa. Sisi watoto tuliketi nyuma yake, mahali ambapo picha huonekana pia, isipokuwa imegeuka: maandishi yalisomeka kinyumenyume, na watu wote walikula na kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Tulicheka sana kwa jambo hilo, na wakubwa wakatukemea, wasijue tunacheka nini.

Picha yenyewe ilikuwa Fimbo ya Mnyonge, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970 na Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma lililoundwa mwaka 1968. Ni kisa cha mtu anayekiacha kijiji kwenda mjini kutafuta maisha, anashindwa, na mwisho anayapata maisha hayo katika kijiji cha ujamaa. Sitaki kuibeza picha hiyo. Kwa watu wengi wa kwetu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu wa kwenye kitambaa akisema Kiswahili chetu, na mshangao huo peke yake ulistahili safari ya gari. Lakini kesho yake, tulipokuwa tukichunga ndege mashambani, sisi watoto tuliigiza habari za mjini tu. Mmoja alikuwa dereva wa basi, mwingine mwizi, mwingine askari. Hakuna aliyekubali kuigiza sehemu ya kurudi kijijini. Ama wakubwa, baba yangu mdogo alitoa maoni ambayo sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Alisema picha ni nzuri, ila imechelewa. Ingalikuja kabla ya operesheni ya kuhamia vijijini, pengine watu wangalihama huku wakiimba. Wenzake walitazamana, na mazungumzo yakageuzwa kuwa ya bei ya ufuta.

Kisa cha mshamba anayekwenda mjini kilikuwa kimesimuliwa katika nchi hii kabla ya Uhuru. Mwaka 1952 kampuni kutoka Afrika Kusini, kwa kushirikiana na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ilitoa picha iitwayo Muhogo Mchungu, habari ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini. Mchezaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Kusini, ambaye baadaye aliongoza chama cha wafanyakazi na mwezi Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Naona katika jambo hili dhihaka kubwa ya historia. Picha ilimwonya mshamba kwamba mjini si kwake. Naye aliyeuvaa ushamba huo mbele ya kamera alikuwa mfanyakazi wa mjini aliyekuwa njiani kwenda kuitawala nchi pamoja na wenzake. Watazamaji waliompenda hawakumpenda kwa ajili ya onyo. Walimpenda kwa sababu walimwona mtu wao akiweza.

Na nyuma ya Muhogo Mchungu kuna babu yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Mwingereza aliyeitwa Notcutt alifanya jaribio la sinema huko Vugiri, Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya kodi, mmomonyoko wa udongo, minyoo ya safura, akiba ya posta na mambo ya jinsi hiyo, zikazungushwa kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Sauti haikuwamo ndani ya filamu. Ilipigwa kwenye sahani za santuri, ili kila nchi isikie maelezo kwa lugha yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia kazi hiyo ilichukuliwa na Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939, ambacho mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kuifuata picha inayokwenda mbio. Apewe picha ya polepole, alisema, jambo moja kwa wakati mmoja, bila hila za kamera, na awepo mtu wa kumweleza.

Ninaileta historia hii kwa sababu moja. Tulipopata Uhuru tuliubadilisha ujumbe wa picha, na hilo lilikuwa jambo jema na la lazima. Fikra kuhusu mtazamaji hatukuibadilisha. Yule bwana wa kipaza sauti chini ya miembe alikuwa mwenzetu, Mtanzania mwenye nia njema, lakini alisimama mahali palepale pa sahani ya santuri ya Bwana Notcutt. Alituambia tutakachoona, akatuambia tunachokiona, na picha ilipokwisha akatuambia tulichokiona.

Sasa nieleze kosa langu. Katika miaka ya 1990 video iliingia vijijini. Bara yetu ilikuwa haina televisheni mpaka mwaka 1994, lakini mkanda wa video haukungoja mtambo wa kurushia matangazo. Ulifika kwa basi, ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na jenereta ya mkopo. Yakazuka mabanda ya makuti na magunia ambayo watu wa mjini waliyaita vibanda umiza, na jina hilo yalistahili, maana mabenchi yake yaliumiza na joto lake liliumiza zaidi. Mwaka 1998 ofisi niliyokuwa nikiitumikia ilinituma nikague vibanda hivyo katika tarafa kadhaa, Kipatimu ikiwemo. Niliandika taarifa ya kurasa sita. Niliitaja Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, nikataja maadili, nikataja utoro wa wanafunzi, na nikapendekeza vifungwe. Yote niliyoyaandika yalikuwa na ukweli ndani yake. Watoto walitoroka kweli, na zilikuwako picha ambazo hakuna mzazi angetaka mwanawe azione. Lakini katika kurasa sita hizo hapakuwa na hata mstari mmoja juu ya picha yoyote niliyoitazama mpaka mwisho, kwa sababu sikuitazama hata moja. Nilisimama mlangoni, nikahesabu vichwa, nikaondoka.

Kibanda cha Kipatimu kilifungwa. Mwenyewe, mtu niliyecheza naye utotoni, aliuza jenereta kwa hasara na akarudi kulima. Hakunigombeza. Tulipokutana msibani alinisalimu kama kawaida, akaniuliza habari za watoto, na mimi nikajibu habari za watoto.

Miaka kumi na zaidi ilipita kabla sijaingia kibandani nikaketi. Nilikuwa likizo. Kijana mwingine alikuwa amefungua kibanda kipya, na alasiri hiyo alionyesha Mother India, picha ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, ambayo niliwahi kuiona Lindi mjini nikiwa mwanafunzi, katika siku ambazo mji ule ulikuwa ungali na jumba la sinema. Shangazi yangu, aliyekuwa na umri wa miaka sabini na ushei, alitaka kwenda. Nikampeleka, kwa heshima yake na si kwa hamu yangu.

Kwa asiyeijua, Mother India ni kisa cha mwanamke wa shamba aitwaye Radha. Mama mkwe wake ameweka ardhi rehani kwa mkopeshaji, Sukhilala, ili kugharimia harusi. Hesabu haisomeki kwa wasiojua kusoma, na deni halipungui hata mazao yakiwa mengi. Mume anapondwa mikono na jiwe, anaona aibu, anatoweka. Mafuriko yanakuja. Mwanamke anavuta jembe mwenyewe. Mwanawe mmoja, Birju, anakua na chuki moyoni mpaka anakuwa mnyang'anyi. Na anapomteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, mama yake mwenyewe anampiga risasi. Ni picha ya karibu saa tatu, yenye nyimbo nyingi, na kama ningelipimwa kwa taarifa yangu ya 1998 ningeiandika katika safu ya upuuzi.

Kijana mwenye kibanda aliisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za Kihindi, kwa kipaza sauti kidogo, kama ilivyo desturi ya siku hizi. Radha alikuwa "Bi Rada". Sukhilala hakumwita mkopeshaji. Alimwita "bwana wa kangomba", jina ambalo Kusini kote halihitaji maelezo, maana ni yule mnunuzi anayezunguka na kibaba chake wakati wa njaa na kulinunua zao lingali juu ya mti. Banda zima liliguna. Mzee mmoja nyuma yangu alitaja jina la mtu fulani wa karibu, ambalo sitaliandika. Alipofika kwenye mafuriko, kijana alieleza kwa maneno machache tu. Na pale Radha aliponyanyua bunduki, alizima kipaza sauti. Tuliisikia risasi, tukaisikia sauti ya yule mama kwa Kihindi, lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza shangazi kama yule mama alitenda sawa. Alitembea kitambo bila kujibu, kisha akasema: "Mwanangu, binti yule alikuwa wa adui, lakini alikuwa binti wa kijiji. Angemwacha achukuliwe, nani tena angethubutu kuozesha pale?" Halafu akaongeza kwamba yeye asingeweza. Angeitupa bunduki. Na baada ya hatua chache: "Lakini mimi si yeye."

Nimesoma baadaye maneno ya watu wenye shahada juu ya picha hiyo, na nayaheshimu. Sijaona mahali ambapo kiini chake kimeshikwa upesi zaidi kuliko katika maneno hayo ya mwanamke asiyepata kuingia darasani. Alitofautisha haki ya mtu na haki ya kijiji, akatofautisha kukubali kwamba jambo ni sawa na kuweza kulitenda, na akaiacha picha ibaki kubwa kuliko yeye. Hiyo ni kazi ya mhakiki. Bwana Sellers asingeamini, na inanilazimu kukiri kwamba hata mimi wa 1998 nisingeamini.

Tangu siku ile nimekuwa nikizipima picha kwa namna nyingine. Naangalia kama aliyeitengeneza anamwamini mtazamaji wake. Picha isiyomwamini mtazamaji huonekana mapema: hurudia neno, humweka mtu mwema na mtu mbaya kila mmoja na nguo yake, na hunyanyua muziki pale inapotaka tulie. Kipimo hiki hakiifukuzi picha yenye ujumbe, wala hakiikaribishi kila picha ya ngumi. Bruce Lee katika Enter the Dragon ya mwaka 1973 anastahili kutazamwa, kwa sababu mwili wake husema jambo ambalo tafsiri haiwezi kuliongeza wala kulipunguza, na vijana wa kwetu walilifuata bila kukosa hata pigo moja, kwa mwendo ambao yule bwana wa makoloni alidai ungewapita. Wengi waliomwiga baada yake hawastahili; wanapiga tu.

Kwa kipimo hicho nawashauri vijana waanze na filamu ya Mtanzania ambayo wengi wao hawajaisikia. Ni These Hands, yaani Mikono Hii, ya Bibi Flora M'mbugu-Schelling, ya mwaka 1992. Ni filamu ya hali halisi, haizidi saa moja. Inawaonyesha wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wakiponda mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Hakuna msimulizi. Hakuna anayetuambia mawe hayo huuzwa kiasi gani wala tumlaumu nani. Nyundo hushuka, hupanda, hushuka. Watoto wako palepale kwenye vumbi. Wanawake huimba, na ipo mahali wanapocheza. Mara ya kwanza niliona uchovu, nikatazama saa yangu. Kisha nikagundua kwamba nimeanza kuihesabu mikono ile, na kwamba naijua ipi ya mtu mzima na ipi ya msichana, na kwamba nyumba niliyoketi ndani yake imejengwa kwa kokoto. Hakuna kipaza sauti kilichonifikisha hapo. Watu wa mwambao wetu wa Kusini, tunaowajua ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma tangu enzi za vita vyao vya ukombozi, tungepaswa kuwa wa kwanza kuiona filamu hii. Imeonekana zaidi katika vyuo vya ng'ambo.

Ya pili ni Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Mariamu anaumwa, dawa za hospitali hazimfai, naye anawaogopa waganga wa jadi kwa sababu ya kumbukumbu ya utotoni. Somo hili ni rahisi sana kuharibika mikononi mwa watu wa aina yangu. Ofisa mmoja angelifanya tangazo la kuupinga ushirikina, na mwingine, kwa jina la utamaduni wa taifa, angelifanya tangazo la kumsifu mganga. Filamu hii inakaa na hofu ya yule mwanamke, haiharakishi, na uponyaji unapokuja unapitia ndani ya hofu hiyohiyo.

Mulvihill huyo pamoja na Martin Mhando waliitoa Maangamizi mwaka 2001, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea tuzo ya Oscar. Mwanamke aitwaye Samehe, anayechezwa na Bibi Amandina Lihamba, amekaa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka mingi bila kusema neno. Daktari Mmarekani mweusi, Asira, anajaribu kumfungua, na kumbe mwenyewe naye ana lililofungwa. Sioni haya kusema kwamba filamu hii ina sehemu zinazonishinda, na kwamba mara nyingine mizimu yake inasema zaidi ya inavyotakiwa. Lakini uso wa Bibi Lihamba akiwa kimya ni shule nzima ya uigizaji. Kila kijana anayedhani kuigiza ni kupayuka angeketi mbele ya uso huo nusu saa.

Hapa nirudi kwa wasimulizi wa vibandani, maana nimewataja kwa sifa na pengine msomaji anajiuliza kama sijikanushi. Nimemlaumu bwana wa gari la sinema kwa kusema juu ya picha, kisha namsifu kijana anayefanya vilevile. Tofauti ipo, nayo ni ya sanaa. Bwana wa gari alisimama upande wa picha dhidi yetu. Msimulizi wa kibandani ameketi upande wetu, analipwa na kiingilio chetu, na akituchosha tunaondoka. Ndugu Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, aliikuza kazi hii mpaka watu wakaitafuta picha kwa kuuliza kama "imetafsiriwa na Lufufu", bila kujali nani kaigiza. Alichukua picha ya Nigeria kama Karishika, akaifanya isikike kana kwamba mambo yametokea mtaa wa pili. Kutafsiri huko hakukuwa na uaminifu wa neno kwa neno. Aliongeza, alipunguza, alitania, alimkaripia mhusika mpumbavu. Anayejua ngano zetu zinavyosimuliwa usiku, na jinsi msikilizaji anavyodakia, ataitambua mila hiyo mara moja. Mwaka 2023 kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kilitoa filamu fupi iitwayo Apostles of Cinema, inayowaonyesha watu wa maktaba za video na wasimulizi hao, na jinsi Maangamizi yenyewe ilivyorudishwa kwa watazamaji wa Kitanzania kwa sauti ya msimulizi. Nilipoitazama nilimkumbuka mwenzangu wa jenereta. Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa na jina, nami niliiita uzururaji.

Wasimulizi wabaya nao wapo, tena wengi. Hao hawawezi kunyamaza.

Vijana wakiniuliza juu ya picha za Bongo, nasema kwanza kwamba tusizidharau kwa ujumla wake kama tulivyozidharau za Kihindi. Ni kweli nyingi zilitengenezwa kwa siku chache, katika sebule moja yenye makochi mapya, na kisa chake kingekwisha kama mtu mmoja angepiga simu. Lakini marehemu Mzee Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, alikuwa na mwili unaochekesha kabla hajafumbua mdomo, na watoto wa Kipatimu humwiga mpaka leo bila kufundishwa. Hiyo ni sanaa ya kale ya vichekesho vya Pwani iliyopata kamera. Sihitaji mafunzo kutoka kwake.

Na ikiwa mtu anataka kuona picha ya Kitanzania iliyotengenezwa kwa mkono usio na haraka, atazame Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya 1950; binti wa Kihindi, Yasmin, anayeikimbia ndoa aliyolazimishwa, na Denge, kijana wa harakati za kupinga ukoloni. Waliosoma riwaya watanung'unika, kama nilivyonung'unika mimi, kwamba mengi yameachwa, na kwamba Denge wa kitabuni ana maneno na ucheshi ambao huyu wa kwenye picha hakupewa. Hata hivyo usiku wa Unguja katika filamu hiyo, taa zake, kuta zake na nyuso zinazojitokeza gizani, sijaona umepigwa hivyo na mtu mwingine. Na siasa yake haihubiriwi. Inanong'onwa, kama ilivyonong'onwa kweli.

Imebaki picha moja, nayo bado sijaiona. Kutoka Kipatimu si mbali kufika Nandete, ambako mwezi Julai 1905 Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba ya Wajerumani na kuwasha Vita vya Maji Maji. Mnara wa kumbukumbu upo. Tamthilia ipo, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, ambayo wanafunzi wengi wa nchi hii wameisoma. Filamu kubwa ya kubuni inayostahili vita hivyo sijabahatika kukutana nayo, na kila nikifikiri jinsi ingetengenezwa naiona hatari ileile ya zamani: mashujaa watembeao wima, wakisema kama risala.

Watazamaji wa vibandani wana kanuni yao kuhusu steringi, yaani mchezaji mkuu: steringi hafi. Sasa itazame habari yenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwenye maji, alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa havijamaliza hata mwezi. Steringi amekufa mwanzoni mwa picha. Maji hayakuzuia risasi, na watu waliokwisha kuona kwamba hayazuii waliendelea kupigana, wakavipeleka vita mpaka Mahenge na Songea, hadi mwaka 1907, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Anayetaka kuitengeneza picha hiyo itambidi aeleze kwa nini waliendelea, wala asieleze kwa kipaza sauti. Itampasa amwonyeshe mtu mmoja, jioni moja, akijua, na asubuhi yake akitoka. Nimewahi kuyasema hayo kibandani. Kijana mmoja akadakia: "Basi steringi ni nani, mzee? Pamba?" Watu walicheka, lakini mimi nimelibeba swali lake.

Kwa sasa nimemwandikia rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam anitafutie nakala ya These Hands. Ikipatikana, itaonyeshwa Kipatimu siku ya Jumamosi, baada ya mpira, na kiingilio cha banda zima nitakilipa mimi. Nimeshamwomba yule mwenzangu wa zamani, aliyeuza jenereta, aje aketi mbele. Amesema ataangalia kama kazi za shamba zitamruhusu.